Sabuni Iliyofika Hadi Kwenye Nywele

Kabla hujamkata mtu nywele, kaa chini. Usimsimamie kichwani na mkasi kama kinyozi mwenye foleni ya wateja. Vuta kiti ukae mbele yake, mkasi uache mezani anapouona, umwambie jina lako, unataka nywele kiasi gani, za sehemu gani ya kichwa, na zitakwenda wapi. Ukimaliza hayo, nyamaza. Akitaka kuuliza, aulize. Akitaka kuondoka, mwache aondoke.

Hilo ndilo huwa nawaambia kwanza vijana wanaokuja kunisalimia hapa Doha, mtaa wa Abu Hamour, kwa binti yangu Mghoi, Ijumaa baada ya ibada. Wengi wametoka nyumbani juzi tu na diploma zao za maabara au za uuguzi, na bado hawajazoea joto la hapa. Wakishakunywa chai mmoja huniuliza, "Mama Mghoi, kwani wewe hasa ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nilikuwa napima nywele. Nilianza na damu na mkojo kama fundi yeyote wa maabara, kwanza Voi, kisha Mombasa, kisha hapa Doha. Lakini miaka yangu ya mwisho kazini ilikwenda kwenye nywele, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia ninyi leo, maana siku moja mtawekewa kishungi cha nywele za mtu mezani na mtadhani ni takataka ya saluni.

Kuna kemikali za kuua vijidudu ambazo viwanda vimekuwa vikizitia kwenye vitu vya kila siku: sabuni za kuogea, dawa za meno, losheni, hata mbao za kukatia nyama. Sisi tulizifuata mbili, triklosani na triklokabani. Unanawa, unasuuza, unadhani zimekwenda na maji. Kumbe kiasi fulani kinapita kwenye ngozi, kinaingia kwenye damu, kisha mwili unakitoa upesi kwa mkojo. Kwa hiyo mkojo utakupa habari za jana na juzi tu. Mtu akiacha kutumia sabuni hiyo wiki moja kabla ya kipimo, hutaona kitu.

Nywele zina kumbukumbu ndefu zaidi. Unywele ukiwa bado ndani ya ngozi unalishwa na damu, na kilichokuwamo kwenye damu wakati huo, baadhi yake hubaki ndani ya unywele. Kisha unaota, karibu sentimita moja kwa mwezi, zetu sisi pengine kidogo chini ya hapo. Ukikata kishungi pale kisogoni, karibu kabisa na ngozi, umeshika miezi kadhaa ya maisha ya mtu. Sehemu iliyokuwa karibu na ngozi ni ya hivi majuzi. Ncha ni ya zamani.

Na nywele zetu zinajikunja, kwa hiyo usizipime zikiwa zimejikunja. Zinyooshe taratibu kwenye rula, ufunge uzi upande wa ngozini ili usije ukachanganya mwanzo na mwisho, uzifunge kwenye karatasi ya foili, si mfuko wa plastiki. Plastiki ina mambo yake. Na uhakikishe ni nywele za mwenyewe. Mwenzetu mmoja aliwahi kutuletea kishungi kirefu, laini, cha dada mmoja wa mapokezi hotelini. Tulikipima kwa bidii mpaka yule dada alipopita siku nyingine amesuka mistari, hana hata nusu ya urefu ule. Tulikuwa tumechunguza nywele za kushonea. Tulijua habari za mtu wa nchi nyingine kabisa, na hatukuwa na namna ya kumpelekea majibu yake.

Aliyenifundisha haya yote ni Daktari Ihsan, mkemia kutoka Sudan, mama mrefu mwenye sauti ya chini na msimamo mgumu. Sijawahi kumsikia akifoka. Ukimwonyesha jibu zuri lililokufurahisha, atalitazama, avue miwani, aseme, "Sasa jaribu kulivunja." Maana yake tafuta kila sababu inayoweza kulifanya jibu hilo kuwa uongo. Ukishindwa, ndipo uliamini, tena kidogo.

Jibu la kwanza tulilolivunja lilikuwa letu wenyewe. Kila tunapopima, kati ya chupa zenye nywele huwa tunaweka chupa tupu, ina dawa zote za kazi lakini haina hata unywele mmoja. Hiyo inatakiwa isome sifuri. Wiki ya kwanza ya mradi wetu wa utafiti chupa tupu ikasoma triklosani. Tukarudia. Ikasoma tena. Nikabadilisha vyombo, nikabadilisha maji, nikaosha meza mpaka rangi ikaanza kutoka. Daktari Ihsan naye alikuwa anazunguka maabara mikono nyuma, ananusa kama mtu anayetafuta panya aliyekufa.

Akasimama kwenye sinki la mlangoni. Pale palikuwa na sabuni ya maji ya kunawia mikono, ya rangi ya chungwa. Akaigeuza chupa, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akaniita.

"Mama Mghoi, wewe unanawa hapa kabla ya kuvaa glavu?"

"Kila siku."

"Na mimi pia," akasema. "Tunajipima wenyewe."

Jioni hiyo alipitia sokoni, kesho yake akaja na vipande vya sabuni ya mafuta ya zeituni, ile ya kizamani isiyo na harufu ya maana. Tukaacha losheni zote za mikono saa za kazi. Chupa tupu ikawa tupu. Nawaambia hivi kwa sababu mtakutana na watu watakaoona chupa tupu ni kupoteza muda na dawa. Msikubali. Iwekeni kila siku, hata siku mliyochelewa.

Basi mradi ukatupeleka Al Wakrah, mji wa kusini mwa Doha, kwenye nyumba ya wasichana wa kampuni moja ya usafi. Walikuwa Wakenya na Waganda kwa wingi, wanaosafisha ofisi na zahanati. Kampuni iliwagawia sabuni nyekundu ya kuua vijidudu, nao waliitumia kwa kila kitu: mikono, mwili, kufua, wengine na nywele. Tulitaka kujua kiasi gani kinaingia mwilini kwa mtu anayeishi na sabuni hiyo asubuhi hadi jioni.

Msimamizi wa nyumba alikuwa Florence, Mganda, mtu wa utaratibu na mwenye funguo nyingi kiunoni. Alitupa chumba kimoja chenye pazia zito, akahakikisha hakuna mwanamume atakayepita kwenye ule ujia. Nikapanga vitu vyangu, nikakaa. Hakuja mtu.

Nikamuuliza Florence kulikoni.

"Wanaogopa," akasema. "Wanasema nywele ndiyo wanapima nazo madawa ya kulevya. Wanasema ukishakatwa tu, mudir, yule meneja wa kampuni, anapata majina, na wewe khalas, basi, unapandishwa ndege."

Hawakuwa wajinga. Nywele hupimwa hivyo kweli kweli, duniani kote. Na mtu aliyemwacha mtoto nyumbani ili aje kufanya kazi ana haki ya kuogopa kitu chochote kinachoweza kumrudisha. Nikatoka nje ya kile chumba, nikaenda kukaa nao jikoni walipokuwa wakipika ugali na sukuma, nikawaambia moja kwa moja: ndiyo, nywele zinaweza kupima madawa ya kulevya, lakini mashine yetu imewekwa itafute vitu viwili tu, vya kwenye sabuni, na majina yao hayafiki kwa mudir wala kwa mtu yeyote wa kampuni.

Aliyejibu alikuwa Rehema. Huyu alikuwa msichana wa Kilifi, mwembamba, mtandio umekaa sawasawa hata jikoni, na mikono iliyopasuka kwa kazi ya maji.

"Mama, mimi siogopi madawa, situmii," akasema. "Lakini nywele zangu zitoke kichwani ziende kwa watu nisiowajua, zibaki huko? Kwetu hatufanyi hivyo. Mtu hajui zitafanyiwa nini."

Wengine wakacheka, lakini cheko la wasiwasi. Sikucheka. Na mimi nilikua nikiona bibi yangu Taita akikusanya nywele zetu baada ya kunyolewa, akazifukie mwenye nia mbaya asizipate.

"Zile tutakazopima zitasagwa na kuyeyushwa," nikamwambia, "hazitarudi. Zitakazobaki nitakuletea mimi mwenyewe, kwenye foili ileile, nikupe mkononi."

Akanitazama. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akaingia chumbani wa kwanza, nao wenzake wakafuata. Na baada ya kupima nilizirudisha kweli, kila mtu na kifurushi chake. Ikiwa mtajifunza jambo moja la adabu kutoka kwangu, liwe hilo: mtu akikupa kitu cha mwili wake, usikichukulie kama mali yako.

Maabarani tuliziosha zile nywele kwanza, mara kadhaa, kutoa kilichoganda juu. Hapa pana mtego. Mtu anayeosha kichwa kwa sabuni hiyohiyo unayoitafuta, utajuaje kilichomo kimetoka kwenye damu na si kwenye povu? Kwa hiyo maji ya mwisho ya kuoshea hayamwagwi, nayo yanapimwa. Yakiwa safi na ndani ya unywele bado kuna kitu, angalau unajua hakikuwa juu juu. Hata hivyo Daktari Ihsan hakuridhika, kwa kuwa kemikali inaweza kuzama kutoka nje. Akataka tulinganishe wanaoosha nywele kwa ile sabuni nyekundu na wenzao wanaotumia shampuu ya kawaida, na tukusanye mkojo pia. Ikachukua majuma, nami nilikuwa nalalamika kimoyomoyo. Ila mwishowe hata wale wa shampuu walikuwa na zile kemikali ndani ya nywele, tena kwa wingi kuliko watu wa kulinganisha tuliowapata maofisini. Na mkojo wao ukakubaliana na nywele. Tulijaribu kulivunja lile jibu, likakataa kuvunjika.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wakubwa wa mradi walitaka majibu yaandikwe kwa jumla, yaishie hapo, wasichana wasiambiwe kila mmoja lake. Hoja yao haikuwa mbaya: hakuna daktari anayeweza kumwambia mtu kwamba namba hii kwenye nywele ni ugonjwa na ile ni afya. Ukimpa mtu namba isiyo na maana, umempa hofu tu.

Hata Daktari Ihsan aliniuliza, "Utawaambia nini hasa?"

"Hivyo hivyo. Kwamba imeingia mwilini, na kwamba hatujui bado inafanya nini humo."

"Na wakikuuliza kama watazaa salama?"

"Nitasema sijui."

"Ni vigumu kusema sijui kwa mtu anayeogopa, Mama Mghoi."

"Ni vigumu zaidi kumkwepa," nikasema. "Walipokaa kwenye kile kiti tuliwaambia watajua. Mimi Al Wakrah nakwenda kila mwezi. Nitapita wapi?"

Nilikwenda mbele ya kamati ya maadili. Wakanisikiliza vizuri, wakakataa. Nikarudi. Wakasema watalifikiria. Nikarudi tena, na safari hiyo Daktari Ihsan alikuja nami bila kuniambia, akakaa kiti cha kando. Walipouliza kama mkemia mkuu anaafiki, alisema haafiki kuwapa watu namba bila maelezo, ila anaafiki kukaa na kila mmoja wao mpaka aelewe, na kwamba atakuwepo mwenyewe. Wakakubali kwa sharti hilo. Wengine walituona wabishi. Kazi hii inataka ubishi wa namna hiyo, wa kurudi mlangoni kwa heshima mpaka mwenye nyumba achoke kukufungia.

Tulirudi Al Wakrah siku yao ya mapumziko. Tukazungumza na mmoja mmoja nyuma ya lile pazia, mimi kwa Kiswahili, Daktari Ihsan pembeni na Kiingereza chake na Kiarabu. Walichouliza zaidi hakikuwa namba. Waliuliza, "Sasa tutumie nini? Tusipotumia hii si tutaugua?" Wanasafisha vyoo vya zahanati, lilikuwa swali la haki.

Basi baadaye tukakusanyika jikoni. Nikamwomba Florence mafuta ya kupikia na bizari ya manjano. Nikawapaka wasichana wawili mikono mpaka ikawa ya dhahabu. Mmoja nikampa sabuni nyekundu, nikamwambia anawe kama anavyonawa akiitwa kwa haraka kazini. Mwingine nikampa kipande cha sabuni ya kawaida, nikamwambia asugue taratibu, katikati ya vidole, chini ya kucha, mgongoni mwa mkono, asuuze kwa maji mengi. Wa sabuni nyekundu alibaki na manjano kwenye kila kucha. Wa sabuni ya kawaida alikuwa msafi.

"Waambie bizari si kijidudu," Daktari Ihsan akaniambia kutoka nyuma.

"Bizari si kijidudu," nikawaambia. "Lakini hata vijidudu huondoka hivyo, kwa kusuguliwa na kusuuzwa. Wataalamu wamelipima jambo hili kwa watu wa majumbani: sabuni ya kawaida inafanya kazi ile ile. Huko zahanati fuateni taratibu za zahanati, mkiambiwa vaeni glavu, vaeni. Hapa nyumbani hamhitaji hii nyekundu."

Florence alisogea karibu. Alisimama tu akitazama zile kucha za manjano. Mwezi uliofuata, alipoagiza vitu vya nyumba, aliagiza sabuni ya kawaida. Alimwambia mudir ngozi za wasichana zinapasuka, jambo ambalo lilikuwa kweli na halikuhitaji mashine.

Baada ya miezi kadhaa tulikwenda kukata tena. Hapa ndipo utamu wa kazi ya nywele ulipo. Unakata kishungi kimoja, unakigawa mara mbili: sehemu iliyoota baada ya sabuni kubadilishwa, na sehemu iliyoota kabla. Mtu yuleyule, kichwa kilekile, maisha mawili. Tukapima. Namba za nywele mpya zilishuka, msichana baada ya msichana. Nilikuwa nasoma majibu nimesimama, siwezi kukaa. Daktari Ihsan alivua miwani, na kwa mara ya kwanza hakusema tujaribu kuyavunja. Alisema, "Endelea."

Nikaendelea, nikafika kwa Rehema. Zake hazikushuka. Mpya na za zamani zilikuwa sawa.

Tulidhani tumechanganya vishungi. Tukarudia kwa nywele zilizobaki, jibu likawa lilelile. Tukaangalia dawa yake ya meno, losheni, mafuta ya nywele. Hamna kitu. Nitawaambia mapema jinsi mambo yalivyokwisha kwenye mashine: mara ya tatu, siku chache kabla sijastaafu, namba za Rehema nazo zilikuwa zimeshuka kama za wenzake. Ila mashine haikujua kwa nini mara ya pili hazikushuka. Sababu niliisikia hapa kwenye meza hii mnayonywea chai, baada ya kipimo hicho cha pili, siku nilipomwita aje anieleze.

Alikuja na mahamri aliyoyapika mwenyewe. Tukaongea habari za nyumbani, za joto, za mguu wangu unaonisumbua. Kisha nikamwambia, "Rehema, mwanangu, wewe bado unatumia ile nyekundu."

Hakukana. "Wenzangu walizitupa," akasema. "Mimi nikaziokota. Ziko kwenye sanduku chini ya kitanda. Nyingine nimetuma nyumbani na watu waliokwenda likizo, aogeshwe mwanangu."

"Kwa nini, na siku ile ulikuwepo jikoni ukaona?"

Akazungusha kikombe mezani. "Mwanangu wa kwanza alikufa kwa kuhara, Mama. Alikuwa ndio kwanza anaanza kutambaa. Nilikuwa namwogesha kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia. Sikuwa na nyingine. Nilipokuja huku nikapewa sabuni imeandikwa yaua vijidudu vyote, nikalia chooni. Nikasema ningekuwa na hii." Akavuta pumzi. "Sasa wewe waniambia niiwache."

Nilikuwa na majibu ya mashine mkobani, hayakuwa na kazi. Nikamuuliza.

"Maji mlikuwa mkichota wapi wakati ule?"

"Kisimani. Ilikuwa mvua kubwa, vyoo vilifurika mtaa mzima. Watoto wengi waliugua."

"Wale wengine walikuwa wakiogeshwa kwa sabuni gani?"

Akafikiri. "Wengine za dukani. Za harufu."

"Na waliugua."

"Waliugua."

"Basi si sabuni yako, Rehema. Ni yale maji, na yalikuwa yakinywewa. Ungekuwa na hii nyekundu katoni nzima, isingeyaweza maji yale. Wewe ulimwosha mtoto wako kwa sabuni nzuri. Sabuni ya mche inatoa uchafu."

"Wasema hivyo kunituliza."

"Hunijui? Niliposimama mbele yenu nikasema sijui kama kemikali hii inadhuru, nilikuwa nawatuliza? Nisichokijua nasema sikijui. Hili nalijua."

Alifunika uso kwa viganja vyake vilivyopasuka. Nilimwacha. Nikainuka nikaongeza maji kwenye sufuria ya chai ili nipate kitu cha kufanya. Nilipogeuka alikuwa ameshashika simu, amebonyeza kutuma sauti.

"Mama, shikamoo. Ni mimi. Zile sabuni nyekundu nilizotuma, msimwogeshe nazo tena mwanangu Zaituni. Si mbaya sana, lakini zina dawa yaingia mwilini yapanda mpaka kwenye nywele, na huku wamepima nywele zangu wakaiona. Mwogesheni kwa sabuni ya mche. Sugueni vidole. Na maji ya kunywa myachemshe, Mama, hata mvua isiponyesha. Myachemshe."

Hayakuwa maelezo ambayo Daktari Ihsan angeyapitisha bila kalamu nyekundu. Sikusahihisha hata neno.

Tulikuwa bado kwenye kikombe cha kwanza jibu lilipoingia. Akaliweka nami nisikie. Sauti ya mama mtu mzima, kuku wakilia nyuma yake.

"Marahaba mwanangu. Kwani ni nani aliyezitumia? Mimi hizo sabuni zako nimeziweka kabatini na vikombe vya wageni tangu zije. Zanukia vizuri mno kuogea kila siku. Zaituni aoga kwa sabuni ya mche, na ni mzima, yuko hapa anisumbua nimsuke. Na maji nachemsha, tangu wakati ule nachemsha. Wadhani nilisahau?"

Rehema akaicheza tena ile sauti, safari hii simu akiwa ameibana sikioni. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtandio ukateleza, akajifuta macho kwa ncha yake, akasukuma kikombe chake upande wangu, akaniuliza kama ile chai ya sufuriani imeshachemka.